Chupa Inayooza

Asubuhi ile kizibo kiliruka. Kilichomoka kwenye chupa ya sharubati ya nanasi, kikagonga bati, kikashuka moja kwa moja ndani ya kikombe cha chai cha fundi viatu. Chai ikamrukia kifuani. Mkewe, ambaye ndiye aliyeshika chupa, alitazama bati, akatazama kikombe, akatazama shati la mumewe. Kisha akaketi sakafuni, kwa kuwa miguu ilikataa kubeba mtu na kicheko kwa pamoja.

Mtaani hawakumwita kwa jina. Walimwita Bi Cheko. Aliuza sharubati kwenye kibanda kilichopakana na karakana ya mumewe, na aliyetaka kujua kama amefungua hakuchungulia, alitega sikio.

"Unacheka nini, na shati ndilo hili hili?" fundi viatu alimwuliza.

"Nacheka kizibo. Umekikata wewe, kimerudi kwako. Damu nzito kuliko maji."

Fundi cherehani wa chumba cha pili akagonga ukuta. Alitaka kujua kama huko kuna mtu anayekufa. Bi Cheko akamjibu kupitia ukutani kwamba bado, ila mzee amebatizwa kwa chai. Akaanza upya, hadi fundi viatu, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, akashika mbavu.

Alipotulia alipanga chupa kwenye beseni, akazifunika kwa kitambaa kibichi zisiote jua. Akafika mlangoni, akageuka. Jioni, alisema, mumewe amkumbushe jambo moja: amwambie yule kijana mchora mabango aache kupoteza rangi, aseme analotaka. Fundi viatu hakuelewa hata chembe, akaitikia. Mume wa siku nyingi huitikia kwanza, huelewa baadaye.

Akatoka. Mchana wake aliketi kibandani apumzike kidogo, akaegemeza kichwa kwenye nguzo, hakuinuka.

Basi hilo limeshasemwa, na yatosha. Mwanamke aliyecheka vile hasimuliwi kwa kilio. Husimuliwa kwa chupa yake.

Zamani Bi Cheko aliuza sharubati kwenye chupa za plastiki kama wenzake wote. Kila chupa aliitia doa la rangi ya kucha chini ya kitako, doa jekundu, ili mteja akiirudisha ajue ni yake. Wachache walirudisha. Nyingine zilirudi zenyewe. Mvua ikinyesha mfereji unaziba, maji yanapanda barazani, na juu ya maji zinakuja chupa zikielea kama bata, vitako juu, madoa mekundu yakimtazama. Aliziokota akinung'unika na kucheka kwa zamu. Alisema ameuza vitu vingi maishani, lakini bidhaa inayomfuata muuzaji nyumbani kudai chakula hajaiona.

Binti yao ndiye aliyeleta dawa. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda kidogo nyuma ya soko, ukumbi mmoja wenye masufuria makubwa na mashine ya kubana. Huko walikuna mihogo, wakakamua, wakaacha wanga utuame. Wanga wakaupika na siki na kitu kama shira, ukavutika kama ubani, wakaubana kwenye kalibu, ukatoka chupa. Ndani wakaipaka nta isilowe. Siku moja akaleta ya kwanza nyumbani. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nyepesi, mbavu zake zimepinda kidogo, kama mtu aliyelala vibaya.

Bi Cheko aliinusa, akaigonga kwa ukucha, akaitega sikioni. Binti akaeleza bila kuficha aibu zake. Haitaki kitu cha moto. Ukiianika juani inapiga magoti. Sharubati inakaa humo siku hiyo hiyo, kesho yake hapana. Mama mtu akauliza swali moja tu: na ikishatupwa, inakwenda wapi? Binti akasema ikifukiwa kwenye udongo wenye maji inaoza, kama ganda la muhogo wenyewe.

"Inaoza," Bi Cheko akasema, akilitamka neno kama anayeonja pipi. "Baba, umesikia? Kuna chupa yenye adabu ya kufa."

Vizibo kiwandani hawakuwa navyo bado. Fundi viatu akavikata mwenyewe, kwa mpira wa soli mpya, kimoja kimoja kwa kisu kile cha kukatia visigino, akavichemsha mpaka harufu ikaisha. Fundi cherehani alionja akasema sharubati ni nzuri, ila ina ladha ya ndara. Bi Cheko akamjibu kwamba shemeji yake anaijua ladha ya ndara kwa sababu mkewe ana shabaha.

Sasa lilitakiwa bango. Akaitwa kijana mmoja mchora mabango, mpole, mrefu, asiyejua aiweke wapi mikono yake isiposhika brashi. Bi Cheko akamwambia aandike maneno machache, ya kweli, yasiyo na mbwembwe. Kijana akaandika kwa herufi kubwa nyekundu, juu kabisa ya kibanda:

CHUPA ZETU ZINAOZA

Siku ya kwanza hakuja mtu. Wapita njia walisoma, wakaziba pua, wakavuka barabara.

Siku ya pili walikuja akina mama.

Walikuja wenye heshima zao, wamejitanda vizuri, na kila mmoja alikuwa na binti nyuma yake anayetazama chini. Bi Cheko akafurahi kupata wateja wa maana. Wa kwanza alisogea karibu akanong'ona, na mazungumzo yao fundi viatu aliyasikia yote kutoka kwenye kigoda chake, misumari mdomoni.

"Ni kweli inaoza?"

"Kweli kabisa, mama. Sina haja ya kusema uongo."

"Inachukua muda mrefu?"

"Inategemea mahali. Penye joto na majimaji, haraka. Pakavu inasumbua."

Yule mama akamtazama binti yake kama anayepima ukavu. "Na ikishaoza, hairudi tena nyumbani?"

"Hairudi. Zile za zamani ndizo zilikuwa zinarudi, mpaka barazani. Hii ikienda imekwenda."

"Ee, Mungu akubariki. Mwenzangu nina mmoja alirudi, na mizigo." Mama akafungua kibindo. "Basi nipe mbili. Mkubwa anywe asubuhi au jioni?"

"Anywe tu akiwa na kiu. Chupa muifukie shambani."

"Shambani?"

"Ndiyo. Baada ya mvua utakuta udongo mtupu. Unapandia mchicha."

Mama akarudi nyuma hatua moja. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka hakika kabla ya kuita polisi, kama huyo mkwe anayezungumzwa ni mtu au ni mchicha.

Hapo fundi viatu alitema misumari. Bi Cheko akatazama bango. Akatazama mabinti. Neno ni lile lile: tunda huoza, na baba huoza binti. Alilaza kichwa mezani katikati ya machungwa, mabega yakatikisika, na yule mama alipoelewa akalaza chake pembeni. Mabinti ndio waliocheka mwisho, na ndio waliocheka zaidi.

Kijana wa mabango akaitwa arekebishe. Akaandika CHUPA INARUDI UDONGONI. Wateja wakasema hawataki kunywa kitu kinachowakumbusha makaburi. Akaitwa tena, akaandika CHUPA YA MUHOGO. Fundi cherehani akaing'ata. Alisema hakuambiwa kama imeiva au mbichi. Akaitwa tena. Kila akija, binti alikuwa yuko kibandani analeta chupa mpya, na kila bango lilichukua muda mrefu kuliko lililotangulia, hata kama maneno yalipungua. Mwishowe Bi Cheko akasema lirudishwe lile la kwanza. Limeleta watu, na ni la kweli. Wakisoma vingine, shauri yao.

Bango likabaki, na chupa zikatoka. Lakini fundi cherehani ni mtu wa ubishi, amezaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na pengo. Akaanza kusema mtaani kwamba plastiki ni plastiki, uivike nguo ya muhogo au ya hariri. Binti wa watu kadanganywa na mabosi wake, na mama mtu kadanganywa na binti. Mwenye macho aoneshwe hiyo chupa ikioza.

Yakamfikia Bi Cheko. Hakununa. Alichukua chupa moja, akaitia kizibo cha mumewe, akaenda nayo nyuma ya nyumba, kwenye uwazi ulio kando ya bomba la maji, mahali ambapo vyumba vyote hutupa uchafu wao tangu nyumba ijengwe. Watu wakamfuata. Akachimba, akaifukia, akachomeka juu yake kisigino kirefu cha kiatu cha kike kiwe alama. Akaapa mbele ya wote: mvua zikikatika ataifukua hadharani. Akiikuta nzima, atalishusha bango kwa mikono yake, na chupa za muhogo hatauza tena.

Fundi viatu hakuwepo pale. Alikuwa karakanani akigonga soli. Kiapo alikisikia kwa dada yake, mkazi wa nyumba ile ile, na nyundo ikamkosea, ikampata kidole.

Mvua zilikuwa bado zinanyesha Bi Cheko alipoondoka.

Baada ya msiba binti akashika kibanda asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani, na jioni akirudi. Bango lilibaki juu. Kila alfajiri fundi viatu alifungua karakana, akaliinulia macho, akakikumbuka kile kiapo. Yeye ni mtu wa soli. Maisha yake yote amefanya kazi na vitu vinavyotengenezwa visiishe, na amevijua. Moyoni hakuwa na hakika na chupa ya muhogo. Alijua pia jambo jingine: aliye hai akiumbuka, hujitetea. Bi Cheko angekuwepo angelishusha bango mwenyewe kwa vichekesho, watu wakamshangilia. Lakini sasa ni yeye ndiye atakayepanda ngazi, alishushe mbele ya watu wanaosema marehemu alikuwa na maneno mengi. Hilo hakuliweza. Heri apoteze kidole.

Mvua zikakatika. Dada yake, wifi wa marehemu, akaanza. "Kaka, udongo umekauka." Kesho yake: "Kaka, kisigino kile kinaonekana vizuri." Kaka akajibu kwamba ana viatu vingi vya watu.

Akapanga hila. Jumapili moja mchana, watu wakiwa ndani wanakula, alichukua jembe akazunguka nyuma polepole. Angeifukua peke yake. Ikiwa nzima, ataitia mfukoni, na ardhi itasingiziwa kuimeza. Alikuwa ameshainua jembe mara ya kwanza aliposikia sauti ya dada yake dirishani.

"Kaka, unafanya nini hapo?"

"Nazibua mfereji."

"Mfereji uko upande ule."

Akashusha jembe. Dada mtu akaelewa, kwa maana ndugu wa tumbo moja hawafichani. Hakumsema. Alifanya lililo baya zaidi: alipiga mayowe kwamba chupa inafukuliwa. Milango ikafunguka yote. Watu wakatoka na tonge mkononi. Fundi cherehani akaja na futi yake shingoni. Binti akaja mbio kutoka kibandani, na nyuma yake, sijui kaitwa na nani, mchora mabango na kopo la rangi.

Hakukuwa na pa kukimbilia. Fundi viatu akachimba.

Jembe la kwanza lilitoa ndara ya kushoto. La pili likatoa mfuniko wa ndoo. Likafuata bomba la kalamu, likafuata mswaki, kisha chanuo la njano. Dada mtu akalipokea chanuo kwa mikono miwili. Lilimpotea akiwa msichana, na alikuwa amemlaumu kwalo shoga yake mpaka leo hawasemezani. Likaibuka sanduku dogo la plastiki, limefungwa vizuri, na ndani yake vifungo vikicheza kama mtama. Fundi cherehani akalitambua, akakohoa. Kwa ajili ya sanduku hilo alimfukuza mpangaji wake, akimwita mwizi. Watu wakaanza kushangilia kila jembe. Kila mtu alidai chake. Ardhi ilikuwa imewatunzia vyote, haikupoteza hata jino moja la chanuo, na vyote vikiwa na afya njema kuliko wenyewe.

Fundi viatu hakucheka. Kila kilichotoka kizima kilimpunguzia matumaini.

Kisha jembe likagusa chupa.

Ilitoka nzima, imejaa matope, shingo na kitako. Waliokuwa wakishangilia wakashusha mikono. Hata fundi cherehani, aliyeingoja siku hiyo, aliangalia pembeni. Fundi viatu akainama akaishika. Binti akaichukua kwake taratibu, akaisugua kwa khanga, akaigeuza. Chini ya kitako kulikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha.

"Baba," alisema, "hii ni ile ya zamani. Imemfuata mpaka huku."

Kicheko kilichotoka hapo kilipeperusha kuku. Fundi viatu akapiga magoti, akaacha jembe, akachimba kwa vidole chini kidogo ya hapo, penye kisigino hasa. Udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa nyuzi za mizizi. Kulikuwa na vipande vya rangi ya chai ya maziwa, vyembamba kama ganda la yai. Alivishika, vikawa unga. Akachimbua zaidi. Vidole vikagusa kitu kigumu kidogo, cha mviringo. Akakitoa, akakipuliza.

Kilikuwa kizibo chake. Kizima, kama alivyokikata. Chupa ilikuwa imekwenda, kizibo kimebaki. Alikitazama kitambo, peke yake kwenye kiganja, kisha akakitia mfuko wa shati, lile lenye doa la chai.

"Imeoza," dada yake akatangaza.

"Imeoza nusu," fundi cherehani akasema, maana ubishi ni kama kikohozi. "Bango lina maana mbili. Moja tumeiona. Ya pili iko wapi?"

Hakuna aliyepanga, lakini macho yote yalikwenda kwa binti, na yakatoka kwa binti yakaenda kwa yule kijana mrefu aliyeshika kopo la rangi siku ambayo hakuna kilichohitaji kupakwa. Kijana akahamisha kopo mkono huu mkono ule. Ndipo jioni ambayo haikufika ikamrudia fundi viatu, na lile aliloambiwa akumbushe.

"Kijana," alisema, bado yuko magotini, "mama yake aliniachia salamu zako. Alisema uache kupoteza rangi, useme unalotaka."

Kijana akasema. Alisema kwa kigugumizi, lakini lilitoka lote, mbele ya watu na ndara na chanuo.

"Nimemwambia aseme tangu bango la pili," binti akasema.

Hapo ndipo fundi viatu alipocheka. Kilianza tumboni kama mtu anayetaka kupiga chafya, kikampanda, akaketi kwenye udongo kwa sababu miguu ilikataa. Dada yake akamshika bega, naye akaketi. Mtaa mzima ulikuwa chini, na kutoka nje ya ua mteja mmoja wa sharubati akapaza sauti, akauliza kama Bi Cheko amefungua.

Watu walipoanza kuondoka na mali zao, fundi cherehani alibaki. Akaketi kando ya jirani yake, akitikisa sanduku la vifungo. Akasema lazima amtafute yule mpangaji, amwombe radhi. Kisha akasema kuna jambo fundi viatu halijui, kwa kuwa siku ya kufukia alikuwa karakanani akigonga soli. Baada ya kiapo, wengine walipokwisha tawanyika, alimfuata shemeji yake pale bombani akinawa mikono, akamwuliza kwa upole kidogo: je, isipooza, hataona aibu?

"Ikioza, mtacheka nami," Bi Cheko alimwambia. "Isipooza, mtanicheka. Sasa shemeji, niambie wewe, hapo hasara iko wapi?"